Gita lenye mataruma ya ngazi: tumelaumu umbo, tukasahau randa

Kuna hukumu moja ambayo kila anayependa magita ya zamani ya Marekani ameshaisikia, tena imetolewa kwa uhakika kama vile ni sheria ya Newton: gita ambalo ndani lina mataruma yaliyopangwa kama ngazi ni gita la bei poa, na lenye mataruma ya umbo la X ndilo gita la kweli. Hukumu hii ina gharama zake. Wapo mafundi ambao mpaka leo wanavua mgongo wa gita lenye miaka 70 au 80, wanang'oa mataruma yake yote, wanaweka X, kisha wanalirudishia mwenyewe kama mgonjwa aliyepona. Mimi nasema mara nyingi mgonjwa hakuwa anaumwa.

Upande wa pili nao wapo wanaosema kinyume kabisa, eti ukipanga ngazi tu utapata sauti ya bluzi ya miaka ya 1920. Hawa nao nina kesi nao, nitawafikia. Kwanza tuelewane tunachozungumzia.

Chukua kioo kidogo cha mkono na tochi ya simu, ukichungulie ndani kupitia tundu la sauti. Chini ya ubao wa uso utaona vijiti vya mbao vimegandishwa kwa gundi. Hayo ndiyo mataruma. Kwenye gita la ngazi yamelala mapana kwa mapana, moja baada ya jingine, kama mataruma ya reli. Kwenye gita la X, mawili makubwa yanakatiza na kuachana kati ya tundu na daraja, na mengine madogo yanajazia pembeni.

Kwa nini yawepo? Fikiria bati la migongo. Ukilishika kwa upande mmoja linakunjika kama karatasi, kwa upande mwingine linagoma. Ndiyo maana papi za paa hupigiliwa kukatiza migongo ya bati: upande ambao bati lina nguvu zake halihitaji msaada. Ubao wa sprusi, mti wa jamaa ya msonobari unaotumika sana kwenye uso wa gita, una tabia hiyohiyo. Kufuata mistari ya mbao ni mkakamavu kwa zaidi ya mara kumi kuliko kuikatiza. Mistari hiyo hukimbia kutoka shingoni kwenda mkiani. Kwa hiyo fundi anayepanga ngazi anafanya kile anachofanya mwezeka paa, yaani anaweka msaada pale penye udhaifu. Hiyo si akili ya bei poa. Ni akili nzuri sana, na ndivyo magita mengi ya Ulaya yalivyojengwa kabla ya mambo mengine kuja.

Shida inaanzia kwenye nyuzi. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma, ikishafungwa na kukazwa, inavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Nyuzi hazilali juu ya ubao, zinapita juu yake kama milimita 12 pale kwenye daraja. Hapo tayari una mwenzo. Piga hesabu: nyutoni 700 mara mita 0.012 unapata karibu nyutoni-mita 8.4, sawa na kutundika mzigo wa kilo nane na nusu kwenye ncha ya fimbo ya sentimita 10. Usiku na mchana, miaka 50. Nguvu hiyo inajaribu kulizungusha daraja, ubao uzame mbele yake na uvimbe nyuma yake. Sasa angalia: mkunjo huo unafuata urefu wa gita, na mataruma ya ngazi yamelala sambamba na mhimili wa mkunjo. Hayawezi kuuzuia, kama vile papi moja isivyoweza kuzuia bati lisibonyee katikati ya papi mbili. Kazi yote inabaki kwa ubao wenyewe. Mataruma ya X, kwa kuwa yanakwenda mshazari, yanasaidia pande zote mbili kwa mpigo.

Basi kesi imeisha, si ndio? Hapana. Kuna mambo mawili ambayo wasimulizi hupenda kuyaruka.

La kwanza ni historia. Utaambiwa X ilibuniwa ili kubeba nyuzi za chuma. Lakini X ilianza kutumika Marekani miaka ya 1840, kwenye karakana ya C. F. Martin na kwa mafundi wenzake waliotoka Ujerumani, na wakati huo magita yao yalifungwa nyuzi za utumbo, zinazovuta karibu nusu tu ya zile za chuma. Martin waliingia kwenye nyuzi za chuma kama jambo la kawaida miaka ya 1920, na ndipo X ikaonekana inafaa kwa mzigo ambao haikutengenezewa. Bahati njema, lakini si ushahidi kwamba waliobaki na ngazi walikuwa hawajui kazi.

La pili ni kwamba viwanda vya ngazi vilijua tatizo la daraja na vilikuwa na jibu. Kampuni ya Oscar Schmidt ya Jersey City ilitengeneza magita ya Stella, likiwemo lile la nyuzi 12 ambalo Lead Belly alifanya nalo jina. Nyuzi 12 za chuma, mataruma ya ngazi, na halikusambaratika. Kwa nini? Kwa sababu nyuzi hazikufungwa kwenye daraja. Zilipita juu yake na kwenda kufungwa kwenye kipande cha chuma mkiani. Mvuto ukaishia mkiani, penye gogo gumu, na daraja likabaki na kazi ya kukandamizwa kwenda chini tu. Tena Lead Belly alilegeza nyuzi zake chini sana ya mlio wa kawaida, jambo linalopunguza mzigo zaidi. Mfumo mzima ulikuwa unaelewana. Ukiondoa kile chuma cha mkiani, ukafunga nyuzi nzito kwenye daraja la gundi, halafu ubao ukavimba, ukasema "unaona, ngazi mbovu", umefanya jaribio gani hapo?

Hapa ndipo nakereka kama mwanafunzi wa sayansi. Hukumu hii yote imesimama juu ya ulinganisho wa vitu ambavyo havikulingana. Mfano unaopendwa ni Gibson. Miaka ya 1930, wakati uchumi umeanguka, Gibson waliuza magita ya bei nafuu kwa jina la Kalamazoo. Kalamazoo KG-14 lilikuwa na kiwiliwili kinachokaribiana sana na Gibson L-00, ila KG-14 lina ngazi na L-00 lina X. Baadaye wakarudia mchezo huohuo: LG-1 lenye ngazi na LG-2 lenye X, umbo moja, mbao za jamii moja. Ukisikia L-00 linaimba vizuri kuliko KG-14, ni rahisi kuinyooshea kidole ngazi. Lakini moja lilijengwa ili liwe bora na jingine ili liwe rahisi! KG-14 halikuwa hata na chuma cha kunyoosha shingo. Ngazi ilipendwa viwandani kwa sababu vijiti vyake vimenyooka, havina kiungo cha kuchonga katikati, na mfanyakazi anaweza kuvigandisha haraka kisha akaendelea na gita linalofuata. Haraka hiyohiyo ilifika kwenye kila sehemu nyingine ya gita.

Na sehemu inayoumia kuliko zote kwa haraka ni kimo cha taruma. Ukakamavu wa kijiti unafuata kimo chake kikipigwa kipeo cha tatu. Taruma la milimita 10 ukilipunguza likawa 8, ukakamavu unabaki asilimia 51 tu, wakati uzito umepungua kwa asilimia 20. Ukilikosea likatoka na milimita 13, ukakamavu umezidi mara mbili. Soma tena hizo namba. Tofauti ya randa kupita mara chache inabadilisha mwitikio wa gita kuliko watu wengi wanavyodhani, na kiwanda cha bei nafuu hakimlipi mtu asimame akagonge ubao kwa kidole, asikilize, apunguze kidogo, agonge tena. Taruma lisilochongwa ni taruma lisilochongwa, hata ulipange kwa umbo la nyota.

Sasa wale wa kesi ya pili, wapenda ngazi. Wanaielezea sauti yake kuwa kavu, ya haraka, inayoruka mbele na kufifia upesi. Naamini masikio yao, siamini maelezo yao. Unapochomoa uzi, unaupa kiasi fulani cha nishati na si zaidi. Ubao mwepesi unaoyumba kirahisi unaifyonza nishati hiyo haraka na kuitoa kama sauti. Kwa hiyo gita linavuma sana na linanyamaza mapema. Huwezi kupata vyote viwili bure. Sehemu kubwa ya ile "sauti ya ngazi" kwangu ni sauti ya wepesi. Magita yale ya zamani yalikuwa mepesi kama boksi la sigara. Ukipanga ngazi chini ya ubao mnene, ukapaka vanishi kama unapaka meza, utapata gita la ngazi lenye sauti ya meza.

Ndiyo maana nawapa maua yao Collings wa Austin, Texas. Mwaka 2014 walileta magita ya Waterloo, na WL-14 yao imefuata KG-14 ya zamani. Waliihifadhi ile sifa ya wepesi, na waliuza modeli hiyohiyo kwa ngazi au kwa X, mteja achague. Hapo sasa ngazi imepata mikono ileile, randa ileile na muda uleule. Ngazi haikuwekwa kwa wenye pesa kidogo, iliwekwa kwa wenye sikio linaloitaka. Kinachobaki ni kuyapima bila macho kuingilia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster na wenzao walifanya hivyo kuhusu mbao za mgongo na ubavu: magita sita ya fundi mmoja, wapigaji 52, wamevaa miwani ya wachomea vyuma gizani. Tofauti zilizokuwa zikiimbwa miaka yote kati ya mbao ghali na mbao nafuu karibu zote ziliyeyuka. Mataruma yanastahili jaribio kama hilo, na natarajia tofauti itasikika, kwa sababu mataruma yanagusa ubao wa uso, ambao ndio unaosukuma hewa.

Kama wewe unataka kujenga la kwako kwa mtindo wa zamani, usinakili mchoro peke yake. Ubao wa milimita 3 au chini kidogo, mataruma yaliyochongwa mpaka ncha zake ziwe nyembamba, na uamue mapema mzigo utaishia wapi. Ukitaka nyuzi zifungwe mkiani, una uhuru wa kuwa mwepesi. Ukitaka daraja la gundi, weka taruma moja karibu nyuma yake, tumia nyuzi nyepesi, na ukubali kwamba ubao utatuna kidogo. Kutuna kidogo si ugonjwa.

Na kama tayari unalo la zamani, na fundi anakwambia lifunguliwe liwekwe X, mwombe kwanza aingize kile kioo na kubonyeza kila taruma kwa kidole kimoja kimoja. Gundi ya zamani huachia. Taruma lililobanduka nusu linakwaruza, linanyonya sauti na linaacha ubao uzame, dalili zilezile zinazosingiziwa ngazi. Kulirudishia gundi ni kazi ya mchana mmoja, na mgongo wa gita unabaki mahali pake.