Uzi wa Mwashi Chini ya Corolla

Rimu ya Corolla ya zamani ina upana wa kama sentimita 36 kutoka ukingo hadi ukingo. Ukingo wa mbele ukigeuka nje ya mstari kwa milimita moja tu kuliko wa nyuma, hakuna jicho litakaloona. Lakini kila gari linapotembea kilomita moja, tairi hilo linaburuzwa upande karibu mita 3 huku likilazimishwa kwenda mbele. Kwa safari ya kilomita 100 ni karibu mita 280 za mpira unaosagwa bure. Madereva wana neno lao fupi: gari linakula tairi.

Kahama wanalijua sana. Magari madogo yanayoitwa michomoko yanabeba watu kwenda machimboni na kurudi: wachimbaji wadogo, mama lishe, wachuuzi wenye mizigo hadi kwenye magoti. Ukiacha lami upande wa Kakola, ulipo mgodi wa Bulyanhulu, au ukishika njia za vumbi za upande wa Geita, changarawe imejikunja kama bati la mgongo mpana na kila bolti ya chini ya gari inatikisika. Masika yakija, udongo mweusi wa mbuga unashika magurudumu na kuyavuta unakotaka wenyewe.

Fundi niliyekwenda kumtazama anafanyia kazi uani kwake, chini ya mwembe, mjini Kahama. Ni mtu mzima, mpole, na ufundi aliupokea kwa mjomba wake aliyekuwa kwenye karakana za Mwadui, mgodi wa almasi uliotokana na ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940. Anasema mjomba alimfundisha kupima kabla ya kumfundisha kufungua nati. Sehemu moja ya ua ameimwagia zege mwenyewe, na usawa wake ameuhakikisha kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojaa maji, ule ule wanaoutumia waashi. Pale penye upungufu wa milimita 4 ameweka alama ya rangi, na gari likisimama hapo anajua ni tairi lipi la kuwekewa kibati.

Corolla 110 iliingia asubuhi. "Shikamoo mzee," dereva alisema. "Gari linavuta kushoto, na tairi za mbele zinalika kwa ndani."

"Marahaba, mwanangu. Zima, ushuke, uniachie."

Kwanza alichuchumaa na kupitisha kiganja juu ya kashata za tairi. Kutoka ndani kwenda nje mpira uliteleza; alipourudisha mkono kuelekea ndani, ncha zilimkwaruza. Hiyo ni dalili ya magurudumu yaliyofunguka mbele, kila moja likitazama upande wake. Alijua tayari, ila hakusema, kwa sababu kujua hakutoshi kugusa kitu. Akachukua geji. Tairi la kushoto lilikuwa na pauni 22, la kulia 30. Akapampu kwa mguu mpaka yote manne yakawa 30, na hapo chanzo kikubwa cha kule kuvuta kushoto kilikuwa kimeshapatikana bila spana.

Ndipo jeki. Gari likakaa juu ya stendi, akashika gurudumu juu na chini akalitikisa: kimya, beringi na boljointi ni nzima. Akashika kushoto na kulia. Upande wa dereva kimya. Upande wa pili ukasikika mgongano mdogo, tk, tk. Alimwita kijana wake aweke kidole kwenye tairodi endi, kile kiungo cha mwisho kinachosukuma gurudumu, ili ausikie ulegevu kwa ngozi. Kipuri kipya kikanunuliwa, kikafungwa, pini ikapindwa. Saa mbili zilikuwa zimepita na upimaji wenyewe haujaanza. Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu kweli. Ukirekebisha gari lenye kiungo kilicholegea unaandika namba juu ya maji, na mashine ya kompyuta haitakuokoa.

Gari liliposhushwa, magurudumu ya mbele yalitua juu ya vipande vya marumaru, viwili viwili, uso kwa uso, katikati vimepakwa grisi. Gurudumu likisukumwa, marumaru ya juu inateleza na tairi haling'ang'anii sakafu. Akalibonyeza gari mbele na nyuma mara kadhaa ili springi zikae mahali pake. Akazungusha usukani hadi mwisho wa kulia, akahesabu mizunguko hadi mwisho wa kushoto, akarudi nusu yake kamili, kisha akaufunga kwa ukanda wa tyubu usiende popote.

Uzi ni wa nailoni, wa mwashi, rangi ya chungwa. Ameufunga kwenye nguzo nne za bomba zilizochomelewa juu ya rimu chakavu, mbili kila upande, na uzi unapita usawa wa vitovu vya magurudumu. Kuunyoosha ni rahisi. Kuufanya uwe sambamba na gari ndiyo kazi, maana Corolla ni nyembamba kidogo nyuma kuliko mbele, na uzi ukiwekwa umbali mmoja kutoka vitovu vyote vinne utakuwa kombo. Alipima kutoka kitovu hadi uzi, akasogeza nguzo kwa ncha ya kiatu, akapima tena upande wa pili, akarudi wa kwanza. Alikwenda na kurudi hivyo bila kutazama saa, rula ya chuma mkononi, akizuia pumzi kila anaposoma ili asiutikise uzi.

Kisha akasoma rimu zenyewe, ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma, na kijana akaandika kwa chaki sakafuni. Kushoto: mbele 118, nyuma 121. Kulia: mbele 119, nyuma 121. Magurudumu ya nyuma yalikuwa sawa. Jumla, mbele yamefunguka milimita 5. Alitaka yafunge milimita moja, nusu kwa kila upande.

Nati za kukaza zilikuwa zimelowekwa dizeli tangu asubuhi na nyuzi zake kusuguliwa kwa brashi ya waya. Alilegeza kwanza kibanio cha mpira wa raki ya usukani, kwa sababu ukizungusha fimbo ya tairodi bila kukilegeza, mpira unajisokota, unachanika, na vumbi la Kahama linaingia ndani. Spana moja ilishika tairodi endi, nyingine ikalegeza nati. Kwenye gari hili raki iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo fimbo ikirefuka inasukuma nyuma ya gurudumu nje na mbele inaingia ndani. Robo mzunguko hubadilisha takriban milimita moja kwenye rimu. Kushoto alizungusha robo tatu na kidogo, kulia nusu na kidogo, akalibonyeza gari, akapima. Zilitoka namba alizozitaka.

Nikadhani imekwisha. Akakaza nati ya kushoto na kupima tena: nusu milimita imekimbia. Kule kukaza kulikuwa kumeizungusha fimbo kidogo. Bila kulalamika akalegeza, akarudisha fimbo kwa upana wa ukucha, safari hii akaishika kwa plaizi huku akikaza, akapima. Bado robo milimita. Akalegeza tena. Dereva alisema hiyo haina neno, mzee, barabara yenyewe ni mbovu. Fundi akamjibu, macho yakiwa kwenye rula, "Barabara si kazi yangu, mwanangu."

Mara ya tatu nati ilikaza na namba haikusogea. Akapaka mstari wa rangi nyeupe kuanzia nati hadi kwenye fimbo, ili siku nyingine aone kama imejifungua. Wakaenda kulijaribu kwenye lami ya kuelekea Isaka, wakarudi, na usukani ulikuwa umesimama katikati.

Mashine za taa na kompyuta ni nzuri, na mwenye uwezo azitumie. Lakini kabla hujalipa popote, kwa mashine au kwa uzi, muulize fundi kama amelipandisha gari juu na kutikisa kila gurudumu kwa mikono yake. Kama hajafanya hivyo, mwombe aanzie hapo.