Hesabu ya Difu

Mtu akitaka gari lake la dizeli la zamani liende vizuri zaidi, jambo la kwanza kumjia akilini ni injini. Atauliza habari za turbo, za pampu, za ekzosi pana. Fundi anayebadilisha uwiano wa difu ya nyuma haongezi nguvu hata ya farasi mmoja. Anachukua nguvu iliyopo na kuigawa upya: anapunguza mahali fulani ili apate mahali pengine, na lazima ajue kabla hajafungua nati ya kwanza ni kipi atakachopoteza. Ndiyo maana kazi hii naiweka juu ya ufundi mwingi wa gereji wenye sifa kubwa kuliko wake. Anayefunga turbo anaweza kujidanganya kwamba amepata kitu bure. Wa difu hana nafasi hiyo.

Mfano mzuri ni Mercedes-Benz W123, gari la Kijerumani la miaka ya 1976 hadi 1985 ambalo lilitengenezwa karibu milioni 2.7, na ambalo huko Marekani bado lina wamiliki wanaolihudumia kwa mikono yao. Toleo la 240D lina injini ya lita 2.4 yenye nguvu za farasi 72, na difu ya 3.69, yaani propela shafti huzunguka mara 3.69 ili magurudumu yazunguke mara moja. Gia ya nne haibadilishi mizunguko ya injini, kwa hiyo kwenye barabara kuu difu peke yake ndiyo inayoamua injini ikimbie kiasi gani. Kwa tairi za 195/70 za inchi 14, mwendo wa kilomita 100 kwa saa unaidai injini mizunguko kama 3,200 kwa dakika. Weka difu ya 3.07 na mwendo ule ule utadai kama 2,650. Tofauti hiyo anaisikia kila aliyemo garini. Wakati 240D zinauzwa Marekani, kikomo cha mwendo kilikuwa maili 55 kwa saa, chini kidogo ya kilomita 90, na kelele ilivumilika. Leo barabara nyingi za huko zinaruhusu maili 70, na kwa mwendo huo injini yenye difu ya 3.69 inalia kwa mizunguko 3,600, saa baada ya saa.

Wapo watakaosema kwamba wahandisi wa Stuttgart walijua walichokifanya, na fundi wa mtaani asijifanye anajua zaidi. Hoja hii ingekuwa na uzito kama kiwanda chenyewe kingeshika namba moja tu. Hakikufanya hivyo. Katika bodi ile ile, 240D ilipewa 3.69, 300D isiyo na turbo, yenye silinda tano, ikapewa 3.46, 300D ya turbo iliyouzwa Marekani ikapewa 3.07, na mwaka 1985 ikashushwa hadi 2.88. Injini ilivyopata nguvu, ndivyo namba ilivyoteremka. Hizo ni ngazi zilizochongwa na kiwanda, na fundi anachouliza ni kama gari lililo mbele yake linaweza kushuka ngazi moja kwa matumizi ya mwenyewe. Kiwanda kililazimika kumfikiria mnunuzi wa milimani, wa mjini na wa kuvuta tela kwa wakati mmoja. Fundi anamfikiria mtu mmoja na njia yake.

Pingamizi la milima ni zito zaidi, na halijibiwi kwa maneno matamu. Kutoka 3.69 hadi 3.07, nguvu ya kusukuma gari inayofika kwenye magurudumu katika kila gia inapungua kwa asilimia 17. Anayeujua mlima wa Kitonga ataelewa mara moja. Huko Colorado hali ni mbaya zaidi: barabara ya I-70 inapopita kwenye handaki la Eisenhower iko kwenye mwinuko wa mita 3,400 hivi, ambako hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inazidi kudhoofika. Kwa hiyo uchaguzi si wa kufuata mkumbo. Kwa maoni yangu, 240D ikipewa 3.46 imetendewa haki, kwa kuwa inapoteza asilimia 6 tu. 3.07 ni ya anayeishi tambarare na yuko tayari kushuka gia ya tatu bila kunung'unika. 2.88 kwenye injini hiyo ni tamaa, na fundi mwenye heshima yake angemkatalia mteja. Lakini 300D ya turbo kutoka 3.07 kwenda 2.88? Hapo sioni cha kubishania.

Baada ya hesabu ndipo mikono inapoingia. Njia ya busara ni kutafuta difu nzima kwenye gari lililokufa, na sanaa ya kwanza ni kuhakikisha ni ipi kabla ya kuilipia. Gia ikiwa nyutro, magurudumu yote mawili ya nyuma yananyanyuliwa na propela inatiwa alama ya chaki. Gurudumu moja linazuiwa lisizunguke, la pili linazungushwa mara mbili kamili, na mizunguko ya propela inahesabiwa taratibu. Ikizidi tatu kidogo tu, ni 3.07, ikikaribia tatu na nusu, ni 3.46; ikipita tatu na theluthi mbili kwa unywele, ni 3.69. Chaki na subira vinatosha.

Kubadilisha gia zenyewe ndani ya difu ni daraja jingine kabisa. Kraunwili na pinioni husagwa pamoja kiwandani, zikazoeana. Huwezi kuoza moja na ya ukoo mwingine. Pinioni ikikaa ndani kupita kiasi, au nje kupita kiasi, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, gari litavuma mpaka siku litakapofunguliwa tena. Fundi hupaka meno rangi, akazungusha, akatazama alama iliyobaki imekaa wapi. Ikielemea ncha ya jino au shina lake, anavua beringi, anabadilisha shimu, yaani vibati vyembamba vinavyoipanga pinioni, anaanza upya. Anaweza kurudia hivyo tangu asubuhi mpaka jua kuzama, na mteja asione kilichofanyika, maana matokeo ya kazi nzuri hapa ni kutosikia kitu.

Linabaki pingamizi la wabana matumizi: mbona wengine hubadilisha difu, kisha wakaapa kwamba gari sasa linakunywa mafuta zaidi? Mara nyingi jibu liko kwenye dashibodi. Spidomita ya W123 huchukua mwendo wake kwenye giaboksi, kabla ya difu, na haina habari kwamba huko nyuma mambo yamebadilika. Baada ya 3.69 kuwa 3.07, gari likienda kilomita 100 kwa saa mshale unaonyesha 83, na safari ya kilomita 500 inaandikwa 416. Polisi hatapokea maelezo hayo, kwa hiyo kazi haijaisha mpaka spidomita irekebishwe au iwekwe nyingine iliyopimwa kwa uwiano mpya. Na kwa wakati huo wa kusubiri, anayetaka kujua gari linakunywa kiasi gani azidishe kilomita za dashibodi kwa 1.2, kisha ndipo azigawe kwa lita.