Kumnakili Asiyejinakili

Mguu uliozoea kugonga chini kwa nne utajikwaa mapema. "In the Dead of Night", wimbo unaofungua albamu ya kwanza ya kundi la Uingereza liitwalo U.K. (1978), unakwenda kwa mapigo saba, na wenyewe hawafichi. Kinanda cha Eddie Jobson, besi ya John Wetton na drams za Bill Bruford hukizungusha kipande kimoja kifupi, saba baada ya saba, mpaka msikilizaji aizoee hesabu hiyo kama njia ya kwenda nyumbani. Wetton anaimba. Kisha katikati linaingia gitaa la Allan Holdsworth, na saba ile haisikiki tena.

Haijaondoka. Besi na drams zingali zinahesabu. Ila gitaa linakataa kuonyesha mahali saba moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Linaingia kama mtu anayeendeleza maongezi aliyoyaanza nje ya mlango: noti ndefu inaning'inia, inapindwa kidogo, inaachwa, halafu kundi la noti linamwagika, linavuka pigo la kwanza bila kupiga hodi, linatua mahali ambapo hakuna aliyekuwa akilisubiri.

Nimeishi na solo hii kwa miezi, nikijaribu kuitia vidoleni. La kwanza lililonishinda si kasi. Masikio yangu yamelelewa na muziki wa dansi, ambako mpiga solo hudonoa kila noti ikasikika pale pale ilipozaliwa; gitaa lina ukali wa kengele ndogo, na ukali huo ndio unaoliwezesha kusemezana na ngoma. Kwa Holdsworth noti hazina kichwa. Mkono wa kulia hudonoa moja, kisha wa kushoto huendelea peke yake, vidole vikigonga waya juu ya shingo ya gitaa, noti tatu au nne kwa waya mmoja. Wapiga gitaa wengi, wakishuka, huuvuta waya pembeni kwa kidole kinachoondoka. Yeye hakuipenda mbinu hiyo, maana alisikia ndani yake mlio wa paka. Alinyanyua kidole wima, basi. Ni jambo dogo, lakini lilinirudisha chekechea, kwa kuwa miaka yote mkono wangu ulikuwa ukivuta.

Sababu iko Bradford, alikozaliwa mwaka 1946. Alitamani ala ya kupuliza, akaishia na gitaa. Ukilijua hilo, umbo la solo linafunguka: sentensi zake zimepimwa kwa pumzi, wala hazikupimwa kwa mapigo. Hata kodi zake hutii sharti hilo. Huzipiga sauti ikiwa imefungwa, kisha huifungua taratibu kwa pedali ya mguu, zikatokeza bila mtu kusikia mkono uliozipiga. Noti, sentensi, kodi: kote anafanya kitendo kile kile cha kuficha mwanzo.

(Baadaye, kwenye albamu ya Atavachron ya 1986, alitumia SynthAxe, ala ya kielektroniki inayoshikwa kama gitaa, ambayo aliipiga pia kwa msaada wa kifaa cha kupuliza. Pumzi aliyoitafuta akaipata kweli. Nami, kwa ubishi wangu, naona muziki ulipungukiwa kitu. Mwaka 1978 unasikia waya ukimpinga, na utamu uko humo.)

Basi solo ile niliipunguza kasi kwa kompyuta hadi nusu, nikaiandika noti kwa noti, nikaikariri. Nilipojirekodi, noti zilikuwa zake na muziki haukuwepo. Nilijisikiliza mara kadhaa kabla sijaelewa. Kwa kuwa nilijua kila sentensi itaishia wapi, nilikuwa nikiukimbilia mwisho wake, kama msomaji wa utendi aliyekwisha kuuhifadhi, anayeruka maneno ili awahi kina. Msikilizaji anausikia mwisho ukija. Kwa Holdsworth mwisho hauji, unatokea.

Historia ya kundi lenyewe ingetosha kunionya. Jukwaani, wenzake walitaka solo isikike kila usiku kama ilivyo kwenye albamu. Yeye alitaka kubuni upya. Hakukaa: yeye na Bruford waliondoka, na U.K. ikaendelea na watu watatu, bila mpiga gitaa. Nami na karatasi zangu, nikiikariri solo ile mpaka usiku wa manane, nilikuwa nimejiunga na upande wa waliobaki.

Karatasi nimeziweka kando. Ninachofuata sasa ni kile kilichozizaa noti zile. Skeli kwake zilikuwa familia za noti, ambazo alizipanga na kuzipangua kwa hesabu aliyojitungia mwenyewe, bila kujali sana majina ya vitabuni. Na kodi ilikuwa ni baadhi tu ya wanafamilia waliokutana kwa muda. Kwa hiyo jioni naiwasha mashine inizungushie besi ya mapigo saba, nachagua familia moja, nadonoa mara moja, kisha naulaza mkono wa kulia pajani na kuuacha wa kushoto uhangaike. Kidole changu cha mwisho bado kinalia kama paka.