Mkono wa Kikapu Unapong'oka

Kikapu kilicho mbele yangu ni cha ukili wa ukindu, kimeshonwa kwa mzunguko kutoka kitakoni hadi mdomoni, na mkono wake mmoja umeng'oka. Ngozi ya mkono ni nzima kabisa. Kilichoachia ni ukili. Aliyeutia mkono huo alitoboa matundu mawili, akapigilia ribiti, na kila tundu limekata chane tatu nne. Nguvu ya ukili ni urefu wa chane zake, zinavyopishana juu na chini kwa mshazari. Chane ikishakatwa hubaki kipande kinachochomoka taratibu kila unaponyanyua mzigo. Pakia kilo 8 za viazi: mikono miwili ina miguu minne, kila mguu unabeba kilo 2 ukiwa umesimama. Ukianza kutembea, kikapu kinaruka na kudunda, na uzito huo huongezeka.

Wasusi wa zamani hawakutoboa. Walitia kamba ya miyaa. Chane hulowekwa zikalainika, zikagawanywa mafungu mawili, kila fungu likasokotwa kuelekea kulia, kisha mafungu yote mawili yakapindanishwa kuelekea kushoto. Kila msokoto unataka kufumuka upande wake, mwenzake unauzuia. Ndiyo maana kamba hutulia bila gundi wala fundo. Kamba hiyo hupitishwa kwa shazia kwenye mshono, pale ukili unapokutana na ukili, ikashuka ubavuni, ikazunguka chini ya kitako na kupanda upande wa pili. Hapo mdomo wa kikapu haubebi kitu. Mzigo umekalia kamba.

Kiondo cha Ukambani na cha Wakikuyu kina hesabu nyingine. Kilibebwa mgongoni, mkanda ukipita kichwani, kwa hiyo mkanda ulihitaji urefu na upana wa kutosha usikate ngozi ya mtu. Mikanda ya ngozi ya begani tunayoiona leo inafaa pia, mradi ishonwe.

Kwenye mapambo nina upande wangu. Shanga na vifundo vya rangi vinapendeza dukani, lakini pambo ninaloliheshimu ni la kuviringisha mkono kwa chane zilizotiwa rangi. Chane nyekundu na nyeusi hupokezana, kila mzunguko umebana wa kabla yake, na ncha ya mwisho inapitishwa chini ya mizunguko mitano sita kisha ikavutwa ipotee. Kamba nyembamba inakata kiganja. Ikivikwa hivyo inanenepa na kujaza mkono. Chane ya juu ikianza kuchakaa, unaivua na kuvika nyingine, kamba ya ndani ikiwa bado haijaguswa.

Anayependa ngozi asiiache. Aweke kiraka cha ngozi ndani ya mdomo na kingine nje, ashone kwa uzi uliopakwa nta, sindano ikipenya kati ya chane. Miguu ya mkono iachane karibu theluthi ya upana wa mdomo: ikikaribiana mno, pande za kikapu hulegea; ikitengana mno, kikapu hujikunja katikati.

Changu nimekitoa ribiti zote, hata za mkono ambao haukung'oka. Nimeziba matundu kwa chane mbichi, nikapitisha kamba mpya chini ya kitako. Jumamosi kilibeba viazi, nazi tatu na fungu la mchicha, na mdomo wake ulibaki duara.