Miami Ilihitaji Goti Moja Tu

Tusizunguke mbuyu. Mechi ya Miami na Georgia Tech ya Oktoba 7, 2023 haikupotezwa na Don Chaney aliyeponyokwa na mpira, wala na waamuzi waliotazama marudio na kuacha uamuzi wao usimame, wala na walinzi waliomwachia Christian Leary njia. Ilipotezwa pembeni mwa uwanja, kwenye benchi la kocha mkuu wa Miami, Mario Cristobal, kabla mpira haujaanzishwa. Dauni ya tatu na yadi 10. Miami mbele 20-17. Sekunde 33 au pungufu kidogo kwenye saa. Georgia Tech haina hata taimauti moja. Kwotabeki Tyler Van Dyke angepiga goti, watu wangepeana mikono na kwenda nyumbani. Benchi likaagiza mpira ukimbizwe katikati, na Georgia Tech ikaondoka Hard Rock Stadium na ushindi wa 23-20.

Nimefuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani miaka mingi na nimeona makocha wakikosea kila aina ya kosa: kupiga mpira mbali pale walipopaswa kujaribu, kujaribu pale walipopaswa kupiga mbali, kumwacha kwotabeki majeruhi uwanjani. Katika makosa hayo yote, kocha huwa na kitu anachokitafuta, na ukimuuliza atakueleza alitarajia kupata nini. Katika kosa hili hapakuwa na cha kupata. Ndiyo maana wiki nzima mashabiki wa Miami Hurricanes walichemka, na ndiyo maana walikuwa na haki ya kuchemka.

Tuichambue saa, maana hapa ndipo kesi inapoishia. Kwotabeki akipiga goti, mpira unakufa palepale. Kanuni za vyuo zinamlinda hata akionyesha tu dalili ya kugusa goti chini. Hakuna mlinzi anayeruhusiwa kumvaa wala kumpora. Kitendo chote hula sekunde moja au mbili. Mchezaji yumo ndani ya uwanja, kwa hiyo saa ya mechi inaendelea kutembea. Saa ya kuanzisha mchezo unaofuata inaanza na sekunde 40. Zimebaki 31 au 32 kwenye saa ya mechi. Mpinzani hana taimauti ya kuisimamisha. Miami wasingelazimika hata kucheza dauni ya nne. Wangesimama wima wakaitazama saa ikiisha, na mechi ingekwisha.

Sasa tuweke upande wa pili kila ambacho mkimbio ungeweza kuleta. Chaney akipata yadi tatu, saa inaendelea na mechi inaisha, sawasawa na goti. Akirudishwa nyuma yadi mbili, mechi inaisha, sawasawa na goti. Akivuka yadi 10, waamuzi wanasimamisha saa kwa muda ili kupanga minyororo ya kupimia yadi, kwa sababu ndani ya dakika mbili za mwisho kanuni bado inataka hivyo hata baada ya mabadiliko ya msimu wa 2023. Kisha Miami wanapaswa kupiga goti lilelile walilolikataa. Akisukumwa nje ya mstari, saa inasimama na dauni ya nne inawasubiri. Akiangusha mpira, mnajua kilichotokea. Yaani matokeo yote mazuri ya mkimbio yanalingana na goti, na matokeo mengine yote ni mabaya kuliko goti. Uamuzi wa namna hii hauhitaji ujasiri, uzoefu wala kompyuta. Unahitaji mtu mmoja mwenye vipokea sauti masikioni anayejua idadi ya taimauti za mpinzani.

Na tusimguse Chaney. Kijana huyu alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya misimu miwili iliyotangulia kwa majeraha, akarudi, akaagizwa akimbie, akakimbia. Wapo waliopitisha Jumapili nzima wakikuza picha ili kuthibitisha kwamba goti lake lilikuwa limeshagusa nyasi kabla mpira haujatoka. Huenda liligusa. Lakini timu inayoongoza kwa pointi tatu na saa iko mikononi mwake, ikifika mahali inategemea mwamuzi wa video alione jani moja la nyasi, benchi lake limeshashindwa kazi. Mchezaji hulaumiwa kwa mpira alioangusha katika mchezo uliokuwa na sababu ya kuchezwa. Huu haukuwa na sababu.

Georgia Tech waliuokota kwenye yadi yao ya 26, zikiwa zimebaki sekunde 26. Kwotabeki wao Haynes King akamtafuta mpokeaji Malik Rutherford kwa yadi 30, kisha Leary kwa bao la yadi 44, akiwa amewapita walinzi wote wa nyuma. Ndiyo, Lance Guidry, aliyekuwa mratibu wa ulinzi wa Miami, ana la kujibu: katika sekunde zile mpokeaji haruhusiwi kukupita mgongoni, unamwachia apate yadi 15 mbele yako na unamwangusha ndani ya uwanja. Lakini ngome ile ilirudishwa dimbani na benchi lililokuwa na nafasi ya kuiambia ivue kofia. Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba futiboli ilikuwa imeshalipia somo hili miaka 45 kabla. Novemba 19, 1978, katika ligi ya kulipwa, New York Giants walikuwa wanaongoza Philadelphia Eagles 17-12 kule Meadowlands. Dauni ya tatu. Sekunde 31. Eagles hawana taimauti. Benchi la Giants likaagiza kwotabeki Joe Pisarcik amkabidhi mpira mkimbiaji Larry Csonka. Makabidhiano yakaharibika, mpira ukadunda, Herman Edwards wa Eagles akauokota na kwenda nao yadi 26 hadi mwisho. Eagles 19-17. Mratibu wa mashambulizi Bob Gibson alifukuzwa kesho yake asubuhi, na mkataba wa kocha mkuu John McVay haukuongezwa msimu ulipokwisha. Kabla ya siku ile wapo waliokuwa wakiona kupiga goti ni uoga. Baada ya siku ile timu zilianza kupanga muundo maalumu wa kumalizia mechi, wachezaji wawili wakimbana kwotabeki ubavuni na mmoja akisimama mbali nyuma kuzuia balaa. Muundo huo leo unafundishwa hadi kwa watoto wa shule. Linganisheni dauni, sekunde na taimauti za 1978 na za 2023, kisha mniambie Cristobal alihitaji somo gani jingine.

Alikuwa nalo jingine, na hilo ni lake mwenyewe. Septemba 22, 2018, akiwa kocha wa Oregon, alikuwa mbele ya Stanford 31-28, chini ya dakika moja imebaki. Akakimbiza mpira. Mkimbiaji CJ Verdell akauangusha, Stanford wakasawazisha kwa mkwaju wa pointi tatu, wakashinda 38-31 katika muda wa nyongeza. Oregon walikuwa wameongoza 24-7 mapumziko. Nakubali kwamba hesabu ya usiku ule ilikuwa na nafasi ya ubishi, kwa sababu magoti peke yake yasingemaliza saa yote. Zingebaki sekunde chache za kumpigia Stanford mpira mbali. Lakini kocha aliyechomwa vile angepaswa kurudi ofisini na kuandika kanuni yake ya dakika ya mwisho kwa wino usiofutika. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Cristobal amelirudia katika hali iliyo rahisi zaidi kuliko ile ya kwanza, mbele ya mashabiki wake, katika chuo alichokichezea.

Wasomaji wa safu hii wanajua wimbo wangu, na leo nauimba kwa sauti kubwa zaidi: vyuo vinaajiri makocha kwa uwezo wao wa kuvuta vijana, halafu vinashangaa Jumamosi usiku. Miami ilimng'oa kocha Manny Diaz mwishoni mwa 2021 na kumleta Cristobal kwa mkataba ambao vyombo vya habari viliripoti ni wa miaka 10 na takriban dola milioni 80. Tuliambiwa nidhamu inarudi. Mnyororo wa dhahabu wa kusherehekea mipira iliyoporwa ukatupwa kabatini, kwa hoja kwamba michezo ya kuonyesha imekwisha na kazi imeanza. Sikuwa na ugomvi na hilo. Lakini tuitazame kazi yenyewe: msimu wa 2022 Middle Tennessee walikuja nyumbani kwetu na kushinda 45-31, Duke wakashinda 45-21 katika mechi ambayo Miami ilipoteza mpira mara nane, Florida State wakashinda 45-3. Mwaka ukaisha 5-7. Mnyororo ungekuwa na kazi nyingi sana, ila shingoni mwa wapinzani.

Msimu wa 2023 ulianza vizuri, na ushindi wa 48-33 dhidi ya Texas A&M ulikuwa wa haki; mstari wa mbele wa mashambulizi ulikuwa bora kuliko tulivyouona kwa miaka mingi, na vijana wa mwaka wa kwanza kama Francis Mauigoa na Rueben Bain walikuwa wachezaji wa kweli. Hayo ni ya Cristobal na apewe. Lakini Georgia Tech walikuja wakiwa 2-3, wakitoka kupigwa nyumbani kwao na Bowling Green 38-27. Miami walikuwa 4-0, nafasi ya 17 nchini, na walikuwa wamepumzika wiki nzima. Wiki mbili za maandalizi, Van Dyke akatupa pasi tatu zilizonaswa, na bado mechi walikuwa wameshaishinda. Ikatupwa.

Wakati wa kocha Howard Schnellenberger hili lisingetokea, na sisemi hivyo kwa mapenzi ya zamani tu. Mzee yule alikuja Miami mwaka 1979 akitokea shule ya kocha Don Shula. Alikuwa mratibu wa mashambulizi wa Dolphins wa 1972, waliomaliza msimu bila kupoteza hata mechi moja. Shule ile ilifundisha kwamba mpira ni mali na saa ni mali. Ndani ya miaka mitano akawapa Hurricanes ubingwa wao wa kwanza kwa kuwafunga Nebraska 31-30, na usiku ule aliyebeba uamuzi mzito wa mwisho alikuwa kocha Tom Osborne upande wa pili, si Miami. Akaja Jimmy Johnson, mechi 52 alizoshinda dhidi ya 9 alizopoteza. Kumbukeni Michigan, Septemba 1988: Miami nyuma 30-14, dakika tano na ushei zimebaki, wakashinda 31-30. Miami ile ndiyo iliyokuwa ikiwapora wengine mechi zilizokwisha. Wapinzani waliogopa kuwaachia sekunde. Mwaka 2023 Georgia Tech iliyofungwa na Bowling Green ilijifunza kwamba ikibaki uwanjani hadi mwisho, benchi la Miami litaipa nafasi.

Na Cristobal si mgeni wa historia hiyo. Ni mtoto wa jiji hili, alikuwa kwenye mstari wa mashambulizi wa timu za ubingwa za 1989 na 1991 chini ya Dennis Erickson. Labda hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mtu wa mstari wa mbele anaamini mechi humalizwa kwa kumsukuma mpinzani hadi mwisho, na kwamba kupiga goti ni kumhurumia. Heshima kwa imani hiyo katika robo ya tatu. Katika sekunde ya 33, ubabe unaohesabika ni kumnyima mpinzani mpira kabisa.

Baada ya mechi alikiri kwamba walipaswa kupiga goti. Kukiri ni sawa, lakini hakutoshi, maana alikuwa na miaka mitano ya kulifikiria jambo hili tangu Stanford. Sijiungi na wanaotaka afukuzwe. Tuliwaona wale waliokodi ndege kuburuta mabango juu ya uwanja enzi za kocha Al Golden. Golden aliondoka siku moja baada ya kipigo cha 58-0 cha Clemson mwaka 2015, na waliomfuata hawakutufikisha popote. Kubadilisha makocha kila baada ya miaka michache ndiko kulikoifikisha Miami hapo.

Ninachodai ni kidogo na kinapimika. Cristobal amtaje mtu mmoja kwenye benchi ambaye kazi yake pekee ni saa na taimauti, na ampe mamlaka ya kuamuru goti bila kumuuliza mratibu wa mashambulizi wala kocha mkuu. Dakika ya mwisho ifanyiwe mazoezi kila Alhamisi kama inavyofanyiwa mikwaju.  Kwotabeki aruhusiwe kulikataa agizo la kijinga na kupiga goti mwenyewe. Cristobal akikataa kufanya hayo kwa sababu ya fahari, basi tumeshajua kwamba atalirudia mara ya tatu, na siku hiyo sitakuwa na hoja ya kumtetea mbele ya wanaotaka aondoke.