Vishikio vya Ngazi katika Nyumba za Mlimani

Nyumba ya kale ya Mchagga, iliyoezekwa kwa majani toka kilele mpaka ardhini, haikuhitaji ngazi, na kwa hiyo ufundi wa vishikio ni mgeni kati ya migomba na mibuni ya Kilimanjaro. Umeingia pamoja na nyumba za ghorofa zilizotapakaa toka Machame mpaka Rombo, ambazo wenyewe, aghalabu wakazi wa Dar es Salaam au Arusha, huzifungua Desemba wanaporudi nyumbani kula Krismasi. Desturi hiyo njema humwathiri seremala kuliko anavyodhani. Kazi humalizwa kwa pupa mnamo Novemba, mvua za vuli zikinyesha na mbao zikiwa zimejaa unyevu. Kisha mlango hufungwa, jua la Januari na Februari hupiga mabati, mbao hukaukia palepale zilipogongomewa, na Krismasi ya pili nguzo ndogo zilizokuwa zimekaza hucheza kama meno ya ajuza.

Sababu yake si uzembe wa gundi. Ubao hunywea kwa upana, lakini kwa urefu haupungui ila kidogo mno. Basi tundu lililochimbwa chini ya kishikio hubaki na kipimo chake kwa upande unaofuata urefu wa ubao, ilhali ulimi wa nguzo uliotiwa humo hunywea pande zote mbili, na nafasi hupatikana. Dawa ni kuukausha mti kabla ya kuuchonga, mbao zikipangwa chini ya paa na vijiti kati yake, kwa kadiri ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mringaringa wa kihambani hustahimili subira hiyo vizuri. Mgrevilea, uliotoka Australia ukaja kuwa kivuli cha kahawa, hupinda usipochungwa. Mkulo wa msituni, fahari ya maseremala wa zamani, tusiutaje, madhali msitu wa mlima umo ndani ya Hifadhi ya Taifa tangu 2005.

Hesabu ya nguzo ni nyepesi kwa anayepima kwa usawa wa pimamaji, si kwa kuufuata mteremko wa kishikio. Tuchukue nafasi ya sentimita 240 kati ya nguzo kuu mbili, na nguzo ndogo zenye unene wa sentimita 4, kwa sharti kwamba uwazi usizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisije kikapenya. Nguzo 16 huacha nafasi 17 za sentimita 10.4 hivi, nazo hazifai. Nguzo 17 huacha nafasi 18 za sentimita 9.6 takriban. Fundi anayeanzia chini na kupanda kwa kukisia hufika juu akiwa na mwanya wa aibu, naye huuziba kwa nguzo isiyolingana na wenzake.

Lakini jambo zito kuliko yote ni nguvu ya ubavuni. Mtu ajikwaapo akakisukuma kishikio kwa uzito wa kilo 50, kwenye kimo cha sentimita 90, na nguzo kuu imefungwa chini kwa skrubu zilizoachana sentimita 9 tu, skrubu za upande mmoja huvutwa kwa nguvu mara kumi, yaani kilo 500. Na hapo zege hafifu humeguka. Afadhali nguzo ifungwe ubavuni mwa ngazi kwa bolti mbili, moja juu ya nyingine, zilizoachana kadiri unene wa zege unavyoruhusu.

Kwa upande wa ukuta, vishikizi vya chuma hutangulizwa vya mwanzo na mwisho, uzi ukakazwa kati yao, ndipo vya katikati vikafuata kila baada ya sentimita 90 hivi. Kigingi kipite lipu kiingie ndani ya tofali lenyewe, maana lipu ni pambo, haishiki kitu. Kati ya kishikio na ukuta pabaki sentimita 4 au 5 za vidole. Mabomba ya chuma yang'aayo, yanayopendwa sana mjini Moshi siku hizi, hayanywei, nakiri. Ila asubuhi ya Julai huko Kibosho, mkono wa mzee huyakwepa.