Toka Nje: Kamera na Mahali katika Video Tatu za Toronto

Msikilizaji wa wimbo hahitaji kuambiwa mwimbaji amesimama wapi. Sauti humfikia redioni, harusini au ndani ya daladala, naye huipa mahali apendapo. Video ya muziki haina uhuru huo. Kamera ikishawashwa, mwimbaji huwa amesimama mbele ya ukuta fulani, chini ya mwanga fulani, kati ya watu fulani au peke yake. Kwa msanii anayeimba katika mji aliozaliwa, na waliozaliwa wazazi wake, uchaguzi huo unaweza kuwa jambo la kiufundi tu. Kwa aliyelelewa ugenini, au aliyezaliwa na wageni, uchaguzi huo ni kauli: anaposimama ndipo anapokiri kuwa ni kwake, au anapokana.

Toronto ni mji unaofaa kulipimia jambo hili. Kituo cha televisheni cha MuchMusic kilianza matangazo yake huko tarehe 31 Agosti 1984, na baadaye kikahamia jengo la Queen Street West ambako studio zake zilikuwa nyuma ya vioo vya ghorofa ya chini, hata mpita njia aliweza kusimama barabarani akatazama kipindi kikirushwa. Mwaka huohuo ulianzishwa mfuko wa VideoFACT, uliowasaidia wasanii wa Kanada kulipia gharama za kupiga video. Hivyo mji ulijizoesha mapema kujitazama kwa njia ya nyimbo. Lakini si kila mtu aliyeonekana ndani ya kioo hicho. Mwaka 1998 kundi la Rascalz, la Vancouver, liliikataa tuzo ya Juno ya rap kwa kuwa tuzo hiyo ilitolewa katika sehemu ya hafla isiyorushwa kwenye televisheni. Malalamiko yao hayakuhusu pesa wala sifa. Yalihusu kuonekana.

Watoto wa wahamiaji waliokulia Rexdale na Scarborough katika miaka hiyo ndio waliokuja kuupa mji huo sauti inayosikika duniani. Video tatu za wasanii waliolelewa Toronto zinajibu swali la mahali kwa njia tatu tofauti, na zikitazamwa pamoja zinaonyesha kila jibu linapata nini na linapoteza nini.

Jibu la kwanza ni kuudai mji. Katika "Started from the Bottom" ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Director X, Drake anapita ndani ya gari jeupe lisilo na paa huku theluji ikianguka. Katika onyesho jingine yeye na wenzake ni wafanyakazi wa duka la dawa, la aina ambayo kila mkazi wa Toronto huingia kununua sabuni na dawa ya kikohozi. Uchaguzi wa mandhari hizi una maana. Katika maandishi mengi ya wahamiaji theluji ni adui: ndiyo inayomfundisha mgeni kwamba amefika asikotakiwa. Drake anaivaa kama vazi. Kulifungua paa la gari katika baridi ile ni kusema kwamba hali ya hewa ya hapa ni ya mwenyeji, na mwenyeji ni yeye. Kasoro ya video hiyo iko palepale penye nguvu yake. Mji mzima umegeuzwa kuwa ushahidi wa kufanikiwa kwa mtu mmoja. Wengine wote waliomo ni mashahidi wake, na duka la dawa ni ngazi aliyokwisha kuipanda.

Jibu la pili ni kubaki mjini na kuufuta jina. The Weeknd, yaani Abel Tesfaye, alizaliwa Toronto mwaka 1990 na wazazi waliotoka Ethiopia, akalelewa Scarborough, huku bibi yake akimlea kwa Kiamhari. Video ya "Secrets" ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Pedro Martín-Calero, ilipigwa katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Toronto iliyoko Scarborough, jengo la zege la miaka ya 1960 lililobuniwa na John Andrews, na katika Maktaba ya Marejeo ya Toronto, kazi ya Raymond Moriyama iliyofunguliwa mwaka 1977. Kisa ni cha mapenzi na usaliti. Kinachobaki akilini, hata hivyo, si kisa bali korido: zege, ngazi, vivuli, taa zenye rangi kali. Mtazamaji wa Nairobi au Muscat angeweza kudhani kwamba yuko katika mji wowote wa kubuniwa. Mwenyeji wa Scarborough huyatambua majengo yale mara moja.

Hapo ndipo penye ustadi na pia penye maumivu. Mwimbaji amerudi katika kitongoji alikolelewa, akakipiga picha kwa uzuri ambao watu wa katikati ya mji hawajakizoea kukipa, kisha akakinyamazia. Hakuna duka la muuza injera, hakuna kituo cha basi, hakuna bibi. Wakazi wameondolewa ili majengo yazungumze.

Msomaji wa fasihi anawajua watu walioondolewa, kwa maana amekwisha kukutana nao kwingine. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, aliwaweka katika riwaya yake *No New Land* ya mwaka 1991. Familia ya Nurdin Lalani inatoka Dar es Salaam na kutua Don Mills, katika ghorofa lililojaa watu wa kwao. Katika riwaya hiyo korido si mahali pa vivuli. Ni baraza iliyolazwa ndani ya jengo, mahali ambapo habari hutangulia kufika kabla ya mwenye habari, na ambapo heshima ya mtu aliyekuwa nayo Pwani inapimwa upya kwa mizani asiyoijua. Vassanji alikuwa na nafasi ya kurasa nyingi; video ina dakika chache. Lakini ulinganisho huu unasaidia kuona kwamba ukimya wa "Secrets" haukulazimishwa na ufupi. Ni ukimya uliochaguliwa.

Jibu la tatu ni la K'naan, nalo ndilo gumu kuliko yote. K'naan alizaliwa Mogadishu mwaka 1978, katika ukoo wa watunzi: babu yake Haji Mohamed alikuwa mshairi, na shangazi yake alikuwa Magool, mmoja wa waimbaji wakubwa wa Somalia. Aliondoka nchini mwaka 1991 vita vilipopamba moto, akapitia New York, kisha akakulia Rexdale, pembe ya kaskazini-magharibi ya Toronto walikokaa Wasomali wengi. "Soobax" imo katika albamu yake *The Dusty Foot Philosopher* ya mwaka 2005, iliyopata tuzo ya Juno ya rap mwaka uliofuata. Ni wimbo unaowakabili wababe wa vita ana kwa ana na kuwadai hesabu ya nchi waliyoiharibu.

Video yake haikupigwa Rexdale. Ilipigwa Kenya. Mtazamaji wa haraka ataona hapo msanii wa Kanada aliyekwenda Afrika kutafuta vumbi na jua vya kupamba wimbo wake, na shaka hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa video za namna hiyo ni nyingi. Lakini neno lenyewe la wimbo linaipinga shaka hiyo. Katika Kisomali *bax* ni kutoka, na *soo* huonyesha kwamba mwendo unamwelekea anayesema. Kwa hiyo *soobax* haimaanishi "ondoka" tu; ni "toka nje, uje huku nilipo". Ni neno lisiloweza kusemwa bila kuwa na mahali. Anayelisema lazima awe amesimama mlangoni. Likisemwa kutoka ghorofa la Rexdale, maili elfu kadhaa na bahari nzima zikiwa katikati, linakuwa kelele za mtu aliye salama. Kamera ilipaswa kusogea karibu kadiri ilivyowezekana.

Na Kenya haikuwa karibu kwa ramani peke yake. Mazungumzo ya amani ya Somalia yalikuwa yakifanyika huko tangu mwaka 2002, kwanza Eldoret na baadaye Nairobi, na mwaka 2004 bunge la mpito likaundwa Nairobi, na rais akachaguliwa Nairobi. Miongoni mwa waliokaa katika vikao hivyo walikuwamo wakuu wa makundi yenye silaha. Waliolengwa na wimbo na waliokimbizwa nao walikuwa wakipumua hewa ya nchi moja: wa kwanza mezani, wa pili katika mitaa na kambi. Kusimama Kenya miaka hiyo na kusema "toka nje" kulikuwa karibu na kubisha hodi kwenyewe.

Jambo jingine linaitenga "Soobax" na pambo la kawaida. K'naan haonekani peke yake mbele ya mandhari. Yuko kati ya watu, na watu hao si mapazia. Wimbo umetungwa kwa wito na itikio, na katika video itikio linapata nyuso. Huu ni mpango ambao mpenzi wa ngoma za Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa: manju hana mamlaka mpaka aitikiwe. Drake anatazamwa na watu wake, The Weeknd amewaondoa wake, K'naan anawategemea.

Uzito wa jibu hilo ulionekana vizuri zaidi lilipoachwa. "Wavin' Flag", katika albamu *Troubadour* ya mwaka 2009, ulikuwa wimbo wa mtoto wa vita. Mwaka 2010 Coca-Cola iliuchukua kwa Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Maneno ya mapigano yakapunguzwa, shangwe za kandanda zikajaa. Mwaka huohuo wasanii wengi wa Kanada, Drake akiwamo, waliurekodi upya Vancouver kuisaidia Haiti baada ya tetemeko, na picha zake ni za studio: vipaza sauti, nyuso zinazojulikana, nia njema. Hakuna ubaya katika kuchangia wala katika kushangilia mpira. Lakini kila wimbo ulipobadilishwa, mahali palififia, hadi ukaweza kuimbwa na yeyote, popote. Ulipata dunia nzima na kupoteza mlango wa kusimama.

K'naan mwenyewe alilikiri jambo hilo. Desemba 2012, katika makala aliyoandika kwenye gazeti la *The New York Times*, alieleza jinsi alivyojikagua na kuyalainisha maneno yake ili yawafae wasikilizaji wa redio za Marekani. Alikumbusha kisa cha mbweha aliyeuona mwendo wa mtume, akautamani, akajaribu kuuiga, akashindwa. Alipotaka kuurudia mwendo wake mwenyewe akakuta ameusahau. Waswahili wangesema mwacha asili ni mtumwa. Lakini kisa cha mbweha kina ukali ambao methali hiyo haina: mbweha hakuiacha asili kwa dharau, bali kwa kupenda kitu kizuri.

Si haki basi kuzipanga video hizi kama mwanafunzi mwema na wanafunzi wabaya. Kila mhamiaji huishi majibu yote matatu, pengine kwa siku moja: asubuhi huvaa theluji kama mwenyeji, mchana hupita koridoni kama kivuli, jioni hupiga simu nyumbani akadai hesabu. Hata hivyo "Soobax" inabaki juu ya nyingine, kwa sababu ndiyo pekee ambamo kamera imelipa nauli.

Mwaka 2024 filamu *Mother Mother*, ya kwanza ndefu kuongozwa na K'naan, ilionyeshwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto. Kisa chake kiko Somalia, kwa mama mjane na mwanawe wafugao ngamia. Safari hii yeye ndiye aliyeiamuru kamera isimame wapi. Hakuiweka Rexdale. Lakini walioketi gizani mbele ya turubai walikuwa Toronto, na wito ulikuwa umegeuka upande: sasa waliokuwa wakiitwa watoke nje ni wao.